Matairi ya baiskeli kwa msimu wa mvua Mtwara: lipi ununue, lipi uache

Mvua zikianza kukolea, kuanzia Novemba au Desemba hivi, pancha nazo huongezeka. Maji huzoa vipande vya chupa na kokoto kutoka pembeni na kuvimwaga njiani, na mpira uliolowa hukatika kirahisi kuliko mkavu. Barabara ya Mtwara kwenda Mingoyo ina balaa lake la ziada: malori ya saruji na ya makaa ya mawe yakipasukiwa na tairi, huacha nyaya za chuma nyembamba kama unywele. Ukiiacha lami na kushika njia za Nanyamba au Msimbati, mbigili wanakusubiri. Mvua zilizopita niliziba pancha tatu kati ya Mikindani na mjini, mwendo wa kilomita kama 10 tu, nikiwa nimelowa chapachapa. Zote tatu zilitokana na waya mmoja uliojificha ndani ya tairi.

Kabla ya kufikiria jina la tairi, soma namba zilizochapwa ubavuni mwa lile ulilonalo. Hapa ndipo watu wengi hupoteza hela. "Inchi 28" si kipimo kimoja. Phoenix na baiskeli nyingine za kubebea mizigo zenye 28 x 1½ hutumia ringi yenye kipenyo cha milimita 635, wakati matairi ya 700C, ambayo nayo huandikwa 28, ni ya 622. Tofauti ni milimita 13. Halitaingia hata ulivute na mafundi wawili. Inchi 26 ndiyo mbaya zaidi: 26 x 1⅜ ni 590, na 26 x 1.95 ya baiskeli za milimani ni 559. Baiskeli za mtumba kutoka Japani mara nyingi zina 26 x 1⅜ au 27 x 1⅜, na hiyo ya 27 ni 630. Kwa hiyo ukiagiza kutoka Kariakoo mzigo uje kwa basi, usimwambie muuzaji "nataka la 28". Mtajie namba mbili zenye kistari, kwa mfano 40-635 au 37-590: ya kwanza ni upana, ya pili ni ringi. Akishindwa kukusomea namba hizo kwenye tairi lenyewe, tafuta muuzaji mwingine.

Sasa chaguo langu la kwanza, kama ringi yako ni 622 au 559 na baiskeli ndiyo miguu yako ya kila siku: Schwalbe Marathon Plus. Chini ya kashata, yaani meno ya tairi yanayokanyaga barabara, lina tabaka la mpira laini lenye unene wa milimita 5, kwa hiyo mwiba au pini huzama na kuishia humo kabla haijafika kwenye tyubu. Ni zito na ni ghali, na kulivalisha kwenye ringi kunaumiza vidole hasa likiwa jipya. Hata hivyo, kwa mtu anayetoka Mikindani kabla hakujapambazuka kuwahi kazini, kutosimama njiani kuna thamani kuliko wepesi. Marathon ya kawaida ina tabaka jembamba zaidi, na mimi naliweka la pili.

Kwa wenye baiskeli za mbio, la kwanza ni Continental Grand Prix 4-Season. Lina kitambaa kigumu cha Vectran chini ya mpira, na mpira wake unashika lami iliyolowa. Wengi watakwambia ununue Gatorskin, la kampuni hiyohiyo. Ni kweli linadumu na mbavu zake hazichaniki ovyo, lakini kwenye kona yenye maji mimi siliamini. Litunze kwa miezi ya kusi, lami ikiwa kavu. Na lolote utakalochukua, chukua la upana wa milimita 28 badala ya 23 au 25, ilimradi linapita kwenye uma na breki. Usilijaze upepo likawa kama jiwe: kwa mpandaji wa kilo 70 hivi, psi 75 zinatosha.

Waliobaki ni wengi, nao ni wale wa 635 wanaobeba gunia la korosho au madumu ya maji. Matairi yenye tabaka la kinga kwa ringi hiyo ni ya kutafuta kwa tochi. Nunua tairi jipya la kawaida lenye mpira mnene katikati, kisha fundi akukatie utepe kutoka kwenye tyubu kuukuu auweke ndani, kati ya tairi na tyubu. Kazi hii ni rahisi na inasaidia sana, lakini simama umwangalie anavyomaliza ncha. Lazima zichongwe ziwe nyembamba. Ncha nene husugua tyubu mpaka inatoboka, na utalaumu miiba bure.

Dawa ya pancha inayomiminwa kwenye tyubu huziba tundu la mbigili vizuri. Mpasuko wa chupa haiuwezi. Iwe nyongeza tu.

Tairi la mtumba lenye nyufa ubavuni liache, hata kama kashata bado imesimama. Na la mwisho kabisa kwangu ni tairi lisilojazwa upepo. Halipati pancha, ni kweli, lakini kila shimo unalihisi mgongoni, na ukiwa na mzigo kishindo chote kinaishia kwenye ringi na spoku.

Ukishanunua, mwambie fundi apange maandishi ya jina la tairi yatazamane na valvu. Siku ukipata pancha, tundu la kwenye tyubu litakuonyesha hasa ni sehemu gani ya tairi upapase kutafuta waya. Mimi ningelijua hilo siku ile ya Mikindani, ningeziba mara moja tu.