Paladin au Warrior: tanki yupi wa kuanzia katika Final Fantasy XIV?

Anayetaka kuwa tanki katika mchezo huu wa mtandaoni, yaani yule anayesimama mbele ili adui ampige yeye na kuwaacha wenzake, hukutana na swali hili mapema, kwa kuwa ni hawa wawili tu wanaoanzia daraja la 1: Paladin hushika upanga na ngao mjini Ul'dah, Warrior shoka huko Limsa Lominsa, na wote hupata jina kamili katika daraja la 30. Kwa gharama hawapishani, maana jaribio la bure huwafikisha daraja la 70.

Wanapotengana ni katika kunusurika. Warrior hujiponya mwenyewe: kuanzia daraja la 56, uwezo uitwao Raw Intuition humrudishia uhai kila pigo la silaha linapompata adui, hivyo hata mganga akichelewa, mstari wa uhai uliokaribia kuisha hujaa tena. Kinga yake ya mwisho, Holmgang, hurudi baada ya sekunde 240, ilhali Hallowed Ground ya Paladin, iliyo imara zaidi, huchukua 420.

Paladin naye huwashinda wengi katika kuwafaa wenzake. Kwa uwezo uitwao Cover humpokelea mwenzake mapigo. Kwa Clemency humponya. Huo ndio uzuri wake, ingawa ana vitufe vingi vya kukumbuka.

Ukiingia mapangoni na wageni usiowajua uwezo, shoka litakutuliza moyo. Ukicheza na kikosi kilekile kila wiki, ngao ya Paladin itathaminiwa zaidi.