Kasi ya 0.75 ya YouTube: kitufe kidogo, nimekipenda mno

Kuchele! Wana Kusini, na nyinyi mnaotutazama kutoka mbali, karibuni tena. Nipo barazani hapa Shangani, Mtwara. Upepo ukivuma mnivumilie, maiki yenyewe nimeazima.

Leo sichambui simu. Nachambua YouTube kama mwalimu wa tuisheni. Najua mtasema nani haijui? Ipo tangu 2005, haya, hatuli bando kwa historia. Mimi nina kitufe kimoja tu, na nikikimaliza ndo nimemaliza.

Mpwa wangu huyu hapa, sogea wakuone. Shule ya msingi kasoma kwa Kiswahili miaka yote, kafika kidato cha kwanza, kila somo Kiingereza. Kamkuta mwalimu wa fizikia huko YouTube, anafundisha vizuri sana, ila anaongea kama kondakta anayeita abiria wa Masasi. Mtoto kaandika kwenye daftari "up trust". Ona, hii hapa. Up trust! Nikamuuliza maana yake nini, akasema ni kuaminiana kwenda juu.

Sasa tazama kidole changu. Nagusa video, kona ya juu kulia kuna kile kigurudumu chenye meno. Nagusa, natafuta kasi, napeleka 0.75, yaani robo tatu ya kasi ya kawaida. Sikilizeni. Umesikia? "Upthrust." Ile th imetoka yenyewe. Ndo nguvu ya maji inayosukuma kitu juu, siyo kuaminiana. Na sauti haijawa nzito! Wa zamani mnakumbuka kaseti betri zikiisha, mwimbaji anageuka zimwi. Hapa programu inarefusha maneno bila kuishusha sauti, mwalimu anabaki yuleyule, katulia tu. Ukishuka 0.5 lakini, ngoja niwaonyeshe... eeeh, mwalimu kashinda kwenye uraka, pombe yetu ya mabibo, huyo. Usifike huko.

Ukipitwa, gonga mara mbili upande wa kushoto, inarudi sekunde kumi. Huyu kagonga mara sita kwenye sentensi moja, halafu kanyamaza, kaniambia: "Mjomba, kumbe ndo maana dau likipakiwa mzigo linadidimia kidogo halafu linasimama." Jamani! Madau anayaona kila siku, mwaka mzima hakuuliza.

Kuna aliyeniuliza kwenye maoni, ukipunguza kasi bando linaliwa zaidi? Hapana, video ni ileile, unaitazama polepole tu. Kinachoongezeka ni muda: somo la dakika 20 linakuwa karibu dakika 27. Bando langu mimi liliisha kwa uzembe wangu, nilisinzia video zikajipanga zenyewe zikacheza mpaka alfajiri. Zima hiyo ya kujicheza. Kesho yake nilipiga simu huduma kwa wateja, mtandao sitautaja, nikasikilizishwa muziki dakika kumi na tano. Huo nao ungefaa kuongezwa kasi.

Kidogo kuhusu washindani. Spotify, programu ya kusikiliza muziki na podikasti, yaani vipindi vya sauti, ipo Tanzania tangu 2021, na podikasti zake unaweza kuzipakua bila kulipia, ila uwe unaingia mtandaoni angalau mara moja ndani ya siku 30. Sauti ya kilobiti 96 kwa sekunde ni kama megabaiti 43 kwa saa, video kwa kawaida inakula zaidi ya hapo. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi na spika moja ya bluetooth, kwa historia au kusikiliza Kiingereza, mimi ningemwambia achukue sauti, aachane na picha. Kioo cha simu wanakiona wa dawati la mbele tu. Kwa hesabu hapana, hesabu lazima uone mkono unaandika. Nilianza nikisema YouTube ndiyo kila kitu, sasa najikuta naisifia sauti... basi, vyote viwili. Redio nayo nzuri na haili bando, ila haina cha kugonga mara mbili ikakurudishia.

Habari za chaneli: tunakaribia wafuasi 1,000. Mliopo Lindi na Nachingwea mnatazama bila kujiunga, nawaona. Tukifika nanunua maiki, mwenye hii ameshapiga simu mara mbili.

Ngoja nimpokonye simu huyu, nimempa mgongo kidogo keshahamia Simba na Yanga, na kaweka kasi ya mbili.