Nilikataza Grenda, Fundi Akaleta Grenda: Sakafu Yangu Mpya Hapa Shangani

Nyumba yetu hapa Shangani, Mtwara, ilijengwa miaka ya 1950, enzi za mpango wa Waingereza wa kulima karanga na za bandari mpya, na sakafu yake ilikuwa ya vigae vyembamba vya kahawia, mraba wa inchi 9, vilivyobandikwa kwa gundi nyeusi kama lami. Vigae vya umri na kipimo hicho mara nyingi vina asbesto, yaani madini ya nyuzi laini ambayo vumbi lake ni hatari kulivuta, na hata gundi yake yaweza kuwa nayo. Kwa kuwa jambo hilo halithibitishwi kwa macho bali kwa vipimo vya maabara, tuliamua kuvichukulia kuwa vinayo. Vilikuwa vizima na vimeshika, na kigae kizima kikiachwa mahali pake hakina shida. Hatari huja kinapokatwa, kinapokwanguliwa au kupigwa msasa.

Yote hayo nilimweleza fundi kabla hajapokea kianzio. Tulikubaliana kwamba vipande vipya vya plastiki, vile vinavyopachikana vyenyewe, vitandazwe juu ya sponji bila gundi, bila misumari na bila kung'oa kigae hata kimoja. Kila nililosema aliitikia, "Sawa, mama."

Kazi ilianza baada ya malipo ya korosho. Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikasikia mlio wa grenda tangu getini. Fundi alikuwa akisaga vigae vya mlango wa jikoni ili mlango usije ukakwaruza sakafu mpya, ilhali mlango wenyewe ungeweza kung'olewa na kurandwa chini kwa muda mfupi tu. Kijana wake wa kazi alikuwa amepiga magoti pembeni, pua wazi, vumbi la kijivu limemtua kwenye kope na kwenye sufuria zangu, na mkononi ameshika fagio la chelewa akilifagia vumbi hilo likiwa kavu.

Nilipomuuliza fundi kama hayo ndiyo tuliyokubaliana, alinijibu mbele ya mama mkwe wangu, "Mama, vumbi ni vumbi tu. Watu wamekaa humu miaka yote hiyo, nani amekufa?" Jibu hilo liliniudhi kuliko grenda yenyewe. Saratani inayoletwa na asbesto yaweza kujitokeza miaka 20 hadi 40 baada ya mtu kuvuta nyuzi zake, na Uingereza, iliyokuwa ikitawala hapa nyumba hizi zilipojengwa, ilikwisha piga marufuku asbesto za aina zote mwaka 1999. Kijana yule bado mdogo, na miaka 40 ijayo ni yake.

Kwa haki ya kazi, vyumba na sebule vimependeza kweli: maungio hayaonekani, sakafu haichezi, na vigae vya zamani vimefunikwa salama. Nilikuwa tayari kusema mchukueni, ila msimwache peke yake. Sasa nasita hata kwa hilo, kwa sababu fundi anayesubiri mwenye nyumba atoke ndipo awashe mashine hafai kwa nyumba ya zamani, hata mkono wake uwe mzuri namna gani.

Amepiga simu kudai salio. Nimemwambia kwamba jikoni na korido zipanguswe kwanza kwa matambara mabichi, matambara hayo yafungwe kwenye mifuko, na kijana avalishwe barakoa inayozuia vumbi laini, kisha nitamlipa.