Leza au drili kabla ya kuziba jino: uzoefu wangu wa zote mbili

Leza ninayoizungumzia ni Er:YAG, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 2940, aina iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1997 kwa kukata jino. Drili ni ile ya hewa inayozunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika, pamoja na mwenzake wa mwendo wa pole wa kukwangulia uozo. Kwa tundu dogo, na kwa mtoto anayeogopa mlio, leza naipa alama za juu. Kwa kazi nyingine nyingi nashika drili bila kusita.

Leza haisagi jino. Mwanga wake hunyonywa na maji yaliyomo ndani ya jino lenyewe, maji yanageuka mvuke ghafla na kurusha chembe ndogondogo. Ndiyo maana husikika mapigo ya pa-pa-pa. Sehemu iliyooza ina maji mengi, kwa hiyo huondoka upesi. Enameli, yaani ganda gumu la nje la jino, ikiwa haijaoza ndiyo inayochelewesha. Kwenye enameli huanza na milijuli 250 hivi (nishati ya kila pigo), mapigo 15 hadi 20 kwa sekunde, kisha nashusha hadi karibu 150 nikiingia kwenye dentini, tabaka lililo chini ya enameli. Ncha haigusi jino, huachwa umbali wa milimita 1 hivi, na mkono hautulii mahali pamoja. Maji yanayopuliziwa yasikatike hata kidogo: yakipungua, dentini inaungua na kuweka weusi, na mgonjwa anaruka kitini. Joto si tatizo la leza peke yake, maana drili isiyo na maji nayo huweza kuua kiini cha jino, ile sehemu hai ya ndani yenye neva. Tangu 1965, majaribio ya Zach na Cohen kwa nyani yameonyesha kwamba kiini kikipanda joto kwa takriban nyuzi 5.5 za Selsiasi, baadhi ya meno hayaponi.

Je, sindano ya ganzi haihitajiki kweli? Mara nyingi kwa tundu la juujuu haihitajiki. Mapitio ya 2016 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 9 yenye washiriki 662, yaliona dalili kwamba leza hupunguza maumivu na haja ya ganzi, ila ushahidi ulikuwa dhaifu, na hakukuwa na uthibitisho kwamba inaondoa uozo vizuri kuliko drili. Uozo ukikaribia kiini, mimi nachoma ganzi. Kumwahidi mgonjwa kwamba hatasikia chochote ni kumkosea.

Kinachonisumbua zaidi ni mkono kukosa hisia. Kwa drili ya pole, vidole vinatambua pale dentini laini inapoishia na ngumu inapoanza. Leza haikuambii kitu, hivyo kila baada ya muda mfupi nasimama, napima kwa chombo cha ncha kali, na mwishoni namalizia kwa kijiko cha kukwangulia. Asiyefanya hivyo ama anaacha uozo chini, ama anachimba kupita kiasi.

Halafu kuna suala la gundi inayoshikiza kijazo kwenye jino, ambalo wengi hulipita. Leza haiachi ule utandu wa vumbi unaoachwa na drili, na vinyweleo vya dentini hubaki wazi, kwa hiyo wengine huona asidi inayopakwa kuandaa jino kabla ya gundi haina kazi tena. Wanakosea. Joto huharibu kolajeni (protini iliyomo kwenye dentini) ya juu na kuacha nyufa ndogo kwenye enameli, na gundi ikipakwa hapo moja kwa moja hushika vibaya. Baadaye kingo za kijazo zinageuka kahawia na mate yanapenya. Mimi napitisha leza mara ya mwisho kwa nguvu ndogo, kisha napaka asidi ya fosforiki ya asilimia 37, sekunde 15 hadi 30 kwenye enameli na zisizozidi 15 kwenye dentini, nasuuza vizuri ndipo nipake gundi.

Kijazo cha zamani cha amalgamu, mchanganyiko wa zebaki na metali nyingine, hakiguswi na leza hata kidogo: metali hurudisha mwanga, na joto hutoa mvuke wa zebaki. Hapo ni drili, maji mengi na mashine ya kufyonza yenye nguvu. Uozo ulio katikati ya magego nao huishia kwenye drili, kwa sababu ukuta wa karibu na fizi ni vigumu kuunyoosha kwa mwanga unaokwenda mbele tu.

Miwani ivaliwe na mgonjwa, daktari na msaidizi wote watatu, na iwe imeandikwa nanomita 2940. Miwani ya leza ya fizi haifai hapa, hata kama vioo vyake vinafanana.