Doria ya polisi mitaani: baiskeli au difenda?

Kwa mitaa ya Mtwara mjini, mimi nachagua baiskeli. Difenda, lile gari la doria la polisi, likiingia Chikongola au Magomeni usiku, taa na muungurumo wake vinatangulia; mwizi anapata muda wa kuruka ukuta. Askari wa baiskeli haji na kelele, na anapita uchochoro ambao gari haliingii.

Kubwa zaidi ni mazungumzo. Mama anayekaanga samaki kando ya njia hawezi kusimamisha difenda aeleze habari za vijana wageni wanaoshinda kwenye pagala la jirani. Askari wa baiskeli anashusha mguu mmoja chini, "Shikamoo mama." "Marahaba afande," na habari inatoka. Polisi jamii, yaani polisi na wananchi kushirikiana kuzuia uhalifu, iliyopata msukumo nchini chini ya Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP) Said Mwema kuanzia 2006, inaishi kwa habari za namna hiyo. Polisi wa Seattle, Marekani, walianza doria za baiskeli 1987, magari yao yalipokuwa yakikwama kwenye msongamano katikati ya jiji. Sisi msongamano hatuna, vichochoro tunavyo tele.

Difenda nalo lina kazi yake. Msimu wa korosho, fedha na mizigo ikitembea barabara ya Masasi, takribani kilomita 200, baiskeli haifui dafu. Majeruhi pia hapakiwi kwenye keria.

Gharama? Gari linakula dizeli kila siku. Baiskeli inadai viraka na mnyororo, na fundi hayuko mbali. Ningependa kila kata ipate walau baiskeli mbili, difenda libaki kituoni likisubiri simu ya askari hao.