Biblia ya zipu, maandishi makubwa: nimeitumia miaka mitatu

Mimi ni fundi cherehani hapa Iringa, kwa hiyo dukani nilianza na mshono. Niliifungua katikati, nikatanua kurasa kwa vidole gumba, nikaona uzi mweupe umepita chini kabisa. Iliyokuwa pembeni yake, ya bei ya chini, ilikuwa gundi tupu. Nikalipa 38,000 bila kuomba nipunguziwe. Tangu siku hiyo hakuna ukurasa uliochomoka, na inafunguliwa kila siku saa kumi na moja alfajiri, kabla sijawasha jiko.

Ni tafsiri ya Union, ile ya mwaka 1952 iliyounganisha Kiswahili cha Unguja na cha Mvita. Wengi wanalalamika kwamba lugha yake ni nzito. Ni kweli, yapo maneno yaliyonishinda. Nilipofika Hesabu nikakutana na "marago", nikampigia simu mama yangu kule Kilolo, akacheka, akaniambia ni kambi, mwanangu, watu wamepiga hema. Lakini kwa kusoma kwa sauti sijaona inayoizidi. Chukua Zaburi ya 136. Ina mistari 26 na kila mstari unarudia kwamba fadhili zake ni za milele. Kimoyomoyo utaichoka mapema. Isome kwa sauti, peke yako jikoni, na ukifika mbali utajikuta unaongeza ya kwako: aliyeniletea oda ya sare mwezi wa kwanza, kwa maana fadhili zake ni za milele. Aliyemtoa mtoto homa usiku ule, kwa maana fadhili zake ni za milele. Huko ndiko nilikojifunza kuomba bila kutafuta maneno makubwa.

Kasoro zipo. Karatasi ni nyembamba, kalamu ya wino inapenya hadi upande wa pili, tumieni penseli. Zipu yake ilikufa kabla ya mwaka kuisha. Niling'oa nikaweka ya chuma. Halafu ina utepe mmoja tu wa kuwekea alama. Mimi nilikuwa nafuata mpango tuliopewa kwenye umoja wa wanawake, karatasi ya fotokopi yenye tarehe za mwaka mzima, sura nne kwa siku kutoka sehemu nne. Unaanza Januari na Mwanzo, Mathayo, Ezra na Matendo kwa pamoja. Utepe mmoja hautoshi, nikashona mingine mitatu ya rangi tofauti kwa mabaki ya satini.

Mwezi wa nne mwaka jana mama alifariki. Siku arobaini sikuifungua. Niliporudi, ile karatasi ikaniambia nina deni la sura 160. Nikajaribu kulilipa, siku mbili mfululizo nikisoma sura kumi na sita kila alfajiri, macho yanakimbia na moyo umekauka. Siku ya tatu nikaikunja karatasi, nikaitia kwenye mfuko wa jalada, nikafungua palipokuwa na utepe wa kijani. Zaburi. Nikasoma moja tu, nikalia, nikanyamaza mbele za Mungu mpaka kukapambazuka. Tepe zilikuwa pale pale nilipoziacha, hazikuniuliza nilikuwa wapi.

Baadaye nikajua mpango ule ulitungwa na Robert Murray M'Cheyne, mchungaji kijana wa Dundee, Uskoti, aliyewaandalia washirika wake mwishoni mwa 1842 na kufariki miezi michache baadaye akiwa na miaka 29. Mwenyewe aliwaonya kwamba usomaji wa namna hiyo unaweza kugeuka mazoea, au mzigo usiobebeka. Natamani na onyo lile lingetolewa fotokopi. Sasa nasoma kwa tepe, tarehe nimeziacha. Ninachelewa, lakini sijaacha tena.

Kwenye simu nina YouVersion, programu ya kusomea Biblia, ya bure, na Union hiyo hiyo imo. Safarini inanifaa sana. Nyumbani imenishinda, maana nikishika simu alfajiri naona meseji ya mteja anaulizia gauni lake, na hapo maombi yameisha.

Naipa nyota nne. Moja imeondoka na zipu. Ukienda kununua, tanua katikati utafute uzi, na usome ukurasa mmoja chini ya mwanga hafifu kama wa nyumbani kwako, si wa taa za dukani. Nimemnunulia binti yangu ya pili kama hii, anaanza kidato cha kwanza. Nimeshaishonea mfuko wa kitenge wenye nafasi ya penseli, na tepe zake nne nimeziweka kabisa.