Ushauri wa lishe kwa tunaokula bila njaa, nimeukubali

Jamani kama uko Dar na kila jioni ukitoka kazini mguu unajipeleka wenyewe kwa muuza chipsi mayai hata kama mchana ulikula vizuri, mtafute mtaalamu wa lishe anayekaa na wewe mkaongea, sio wa kukukabidhi karatasi ya dayati. Mimi naenda kwa dada mmoja Sinza, hajaninyima ugali wala wali, aliuliza tu nakula saa ngapi na nikiwa kwenye hali gani, tukaona kumbe chai ya rangi na andazi asubuhi ndo inanifanya saa kumi na moja nitamani kila kitu. Sasa naweka yai au maharage, na hamu ikija naandika kwenye simu ni njaa au stresi, kisha nakula nimekaa, sahani mbele, taratibu, maana ubongo unachukua kama dakika 20 kujua tumbo limeshiba.

Bei imechangamka na foleni ya Jumamosi inachosha, wangefungua na jioni. Ila hasimangi mwili wa mtu, na wanaokula kwa kujificha mpaka wanaumwa anawaelekeza kwa mwanasaikolojia, hapo ndo nilimwamini kabisa.